Sarafu Yenye Uso wa Mama Bucha

Alijifunza kukata nyama kwa baba yake, kwa kuwa kaka zake waliona damu wakakimbilia kazi za kukaa mezani. Alikuwa msichana mwembamba, mikono kama vijiti, na siku ya kwanza aliyoachiwa bucha peke yake wanaume walikuja mmoja mmoja kumpima. Wa kwanza alitaka nyama isiyo na uzi hata mmoja wa mafuta. Wa pili alitaka mfupa wa goti upasuliwe kwa pigo moja. Wa mwisho akadai mzani umelala upande. Huyo alionyeshwa shoka, kisha akaonyeshwa mlango, akachagua mlango. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama msichana anaweza kazi ile. Alikua nayo, akaolewa nayo, akazaa watoto ambao sasa wanajitegemea, na mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mama Bucha.

Bucha lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana la kioo, ndoano zilizoning'inia kwenye bomba la chuma, na gogo la kukatia lililoliwa na shoka katikati mpaka likawa kama beseni. Asubuhi na jioni sakafu ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Nzi aliyeingia pale alikuwa nzi mgeni, hajaambiwa. Bei ilipigwa rangi nyeupe kwenye kioo, tena kwa tarakimu kubwa za kusomeka ng'ambo ya barabara, na Mama Bucha alikuwa na jibu moja kwa yeyote aliyetaka kuijadili.

Siku moja aliingia bwana mwenye tai, foleni imefika nje.

"Mama, nipunguzie kidogo."

"Haipungui."

"Kidogo tu, mama yangu."

"Nimesema haipungui."

"Jamani! Hata kwa mteja mpya?"

Mama Bucha akaacha kukata. Kisu kikabaki juu, jicho moja likafumba, mdomo ukaenda upande. "Ng'ombe mwenyewe," akasema, "alikuja mzima. Hakupunguza hata mkia."

Foleni ikaangua kicheko. Mtu mmoja mle kwenye foleni, ambaye mpaka leo hajulikani, akapiga picha ya uso ule na kuirusha mtandaoni, chini yake ameandika neno moja: HAIPUNGUI.

Picha ikasafiri kuliko mwenyewe alivyowahi kusafiri. Mwenye nyumba aliituma kwa mpangaji aliyeomba kusubiriwa kodi. Mwalimu aliituma kwa wanafunzi waliolalamikia wingi wa mazoezi. Mke aliituma kwa mume aliyetaka kujua kama posho ya nyumbani inaweza kupunguzwa. Watu wa mbali walikuja buchani kumwangalia tu, na wakishafika hawakuweza kuondoka bila nusu kilo. Mama Bucha alicheka. Biashara haikatai wageni.

Kisha mdogo wake wa kiume, fundi simu mwenye kibanda mtaa wa pili, akaja mchana mmoja wakati hakuna wateja.

"Dada, kaa kwanza."

"Nikae juu ya nini, ndoano? Sema."

"Umekuwa sarafu."

Mama Bucha akanawa mikono, akaifuta kwenye aproni, akachukua simu. Juu kabisa palikuwa na duara dogo kama kifungo cha shati, na ndani ya duara ulikuwemo uso wake, jicho moja limefumba. Pembeni jina: HAIPUNGUI. Chini yake namba, namba, na namba.

"Wameniweka kwenye pesa kama rais?"

"Kama rais, ila hii haishikiki. Ni sarafu ya mtandaoni. Watu wanatengeneza sarafu kwa kitu chochote kinachochekesha: mbwa, chura, kikaragosi. Safari hii wamekukuta wewe."

"Na hizi sufuri zote?"

"Hiyo ndiyo bei ya sarafu moja, kwa dola. Sufuri, nukta, sufuri nne, halafu ndipo inaanza namba yenyewe. Sarafu moja haifiki hata thamani ya punje ya chumvi. Ndiyo maana mtu ananunua milioni nzima anajiona tajiri."

"Na hii ndefu?"

"Thamani ya soko. Unachukua bei ya sarafu moja, unazidisha kwa sarafu zote zilizopo. Ziko bilioni mia moja."

"Kwa hiyo hela zote hizi zipo mahali zimekaa."

Fundi Simu akakuna kichwa. "Hazipo, dada. Ni hesabu tu. Ni kama mtu mmoja aje hapa anunue robo kilo kwa bei ya wazimu, halafu waandike kwamba ng'ombe wote duniani sasa wana bei hiyo. Siku wenye ng'ombe wakitaka kuuza wote pamoja, ndipo utajua."

Akamwonyesha na mengine: mauzo ya saa ishirini na nne, ambayo yalikuwa yanakua; wamiliki, ambao walikuwa wamepita elfu sita; na mstari wa kijani uliokwenda juu kama ngazi ya mlevi. Chini kabisa kulikuwa na wamiliki kumi wakubwa. Pochi kumi tu za kuwekea sarafu mtandaoni, akaeleza, zilishika zaidi ya nusu ya sarafu zote.

"Kina nani hao?"

"Haijulikani. Angalia, ni herufi na tarakimu zimechanganywa. Hawaonyeshi majina wala sura."

Mama Bucha akalikazia macho lile duara dogo. Kicheko alichoanza nacho kikaisha chenyewe.

"Yaani wao wamejificha," akasema, "aliyetangulizwa mbele ni mimi."

Haikupita wiki, akaja kijana mmoja, shati jeupe, raba nyeupe zaidi ya shati, tabasamu la mtu anayekuja kuoa. Akajitambulisha kuwa yeye ndiye msemaji wa sarafu ile, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine baada ya hapo. Alikuwa Msemaji.

"Mama yetu! Nimekuja kukupongeza."

"Mwanangu wa ngapi wewe?"

Msemaji akacheka kwa adabu. Akaeleza kwamba watamfanya awe maarufu kuliko alivyo. Watakodi ukumbi. Mama Bucha atapanda jukwaani, atasema neno lake moja, basi, na pochini mwake wataweka sarafu milioni hamsini.

"Nani aliwapa uso wangu?"

"Mama, picha ilikuwa mtandaoni. Kitu kikiwa mtandaoni ni cha wote."

"Na mimi niko barabarani kila siku. Basi ni wa wote?"

"Hapana, mama, sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe umetembea sana kufika hapa. Rudi."

Msemaji akarudi, lakini hakurudi mbali. Aliingia duka la jirani, kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa jirani wa miaka mingi. Alikuwa mtu mwema mwenye mdomo usiofungwa, na kiti chake cha kunyolea ndicho kilikuwa redio ya mtaa. Msemaji alinyolewa kichwa ambacho hakikuwa na nywele za kunyoa, akalipa mara mbili, na alipotoka Kinyozi alikuwa na pochi ya mtandaoni na sarafu milioni tatu za Haipungui. Baada ya Kinyozi, muuza viatu naye akanunua. Baada ya muuza viatu, mama wa vyombo, yule wa masufuria na sahani za bati, na baada yao ikawa ni ugonjwa wa kuambukiza. Walioogopa mambo ya mtandao walijipa moyo kwa sababu moja: uso ule wanaujua. Huyo si wa kutapeli mtu. Gramu zake hazijawahi kupungua.

Hapo ndipo Mama Bucha alipoanza kusalimiwa kwa asilimia.

"Habari za asubuhi, jirani! Leo umepanda kumi na nne!" Kinyozi anapaza sauti akiwa bado anafungua mlango.

Siku nyingine: "Pole, jirani. Umeshuka tisa tangu jana. Umelala vizuri kweli?"

Alipokohoa, watu walitazama simu. Alipogombana na mleta nyama asubuhi, mama wa vyombo alimfuata kumtuliza: "Shoga yangu, punguza hasira, soko ni jepesi." Mara ya kwanza alichekeshwa. Mara ya kumi aliuma meno. Kisu kikawa kinashuka juu ya gogo kwa kishindo ambacho nyama ile haikukistahili.

Mumewe alikuwa seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba: vitanda, milango, meza. Mtu mpole, wa maneno machache, aliyekuwa akiranda mbao kwa mkono tangu ujana hata bega lake la kulia likawa haliinuki vizuri. Jioni moja Mama Bucha alimpelekea chai na kumkuta amesimama nyuma ya mbao zilizoegeshwa ukutani, uso unamulikwa na simu kama mtoto aliyeiba sukari.

"Unaficha nini?"

"Sifichi."

"Simu haijawahi kukuchekesha wewe. Lete."

Seremala akampa. Mama Bucha akajiona tena mle ndani ya kifungo, jicho limefumba, na chini ya uso wake idadi ya sarafu iliyomfanya atafute kigoda cha kukalia.

"Umenunua nini, mume wangu?"

"Nimekununua wewe."

"Si ulishanioa? Unaninunua tena?"

Seremala akakaa karibu naye juu ya ubao. Akasema akiangalia vumbi la mbao, hakumwangalia yeye. "Nilikwenda kunyoa ndevu. Wanaume wamejaa pale wanakutaja. Huyu anasema mimi ninazo milioni tatu, yule anasema mimi tano. Uso wa mke wangu uko mikononi mwa kila mtu, mimi mwenye mke sina hata mmoja. Roho ikaniuma. Nikasema heri na mimi niwe nao."

Mama Bucha alitaka kucheka na alitaka kulia. Alijua hela ile imetoka wapi. Ilikuwa ya mashine ya kurandia, iliyokuwa ikiwekwa kidogo kidogo kwa ajili ya bega lile.

"Kunywa chai," akasema. "Imepoa."

Kesho yake alimpigia Msemaji mwenyewe. "Ule ukumbi wako bado upo? Nitakuja."

Ukumbi ulijaa. Palikuwa na viti vya plastiki, soda za bure, na muziki uliotikisa madirisha. Kila aliyeingia alipewa fulana yenye ile picha. Mama Bucha alifika ametoka kazini moja kwa moja, aproni kiunoni, akakutana na uso wake umenyooshwa juu ya matumbo ya wanaume mpaka lile jicho lililofumba likafumbuka. Ukutani paliwashwa kioo kikubwa chenye zile namba zote: bei na sufuri zake, thamani ya soko, mauzo ya siku, wamiliki. Mstari wa kijani ulikuwa unatetemeka pale juu. Kinyozi alikaa safu ya mbele. Seremala alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Mama yetu huyoo!" Msemaji akapiga kelele. "Neno moja tu, mama!"

Akampa kipaza sauti. Mama Bucha alikishika kama anavyoshika mfupa, akasubiri muziki uzimwe.

"Mnanijua," akasema. "Nauza nyama. Ukilipa kilo unaondoka na kilo, na ukirudi kesho una neno, unanikuta palepale. Nimekuja kusema jambo moja. Uso huu ni wangu. Sikumpa mtu. Hii sarafu sikuianzisha, walioianzisha siwajui, na mimi sina hata moja. Aliyenunua kwa kuniamini mimi, amemwamini mtu ambaye hakuulizwa. Nyama yangu nikisema bei haishuki, ninajua nimenunua kwa nani na ninamuuzia nani. Hii sijui ya nani. Hii itashuka. Msinunue."

Msemaji akawa mweupe kama shati lake. Kisha mtu mmoja huko katikati akaangua kicheko, mwingine akapiga mluzi, na ghafla watu wote wakasimama wanapiga makofi, simu juu, wanamrekodi.

"Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe!"

"Mwangalieni jicho!"

Mama Bucha akageuka kutazama kioo. Ule mstari wa kijani ulikuwa unapanda. Ulipanda alipokuwa anatazama, ukapanda aliposema kwenye kipaza sauti, "Mna akili nyinyi?", ukapanda zaidi aliposhuka jukwaani. Kanda ya hasira zake ilienea kabla hajafika nyumbani. Walioipenda picha waliipenda kanda mara mia, na kuna aliyeiandikia juu yake: Mwenyewe hana hata moja, wewe unangoja nini? Wamiliki wakapita elfu ishirini.

"Dada," Fundi Simu akamwambia, sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, "umepanda mara nne."

"Nimewaambia wasinunue!"

"Ndicho kilichowafurahisha."

Kuna watu wangechoka hapo. Umesema ukweli mbele ya umati, umati umekushangilia na kufanya kinyume. Unabaki na nini? Mama Bucha alibaki na dirisha lake. Chini ya bei za nyama akaandika kwa rangi nyekundu: SARAFU SI YANGU. Mteja aliyekuja kwa ajili ya sarafu hakuuziwa hata utumbo. Wapo waliosema ameingiwa na kiburi. Wapo waliosema anafanya makusudi ili bei ipande, kwamba ana pochi ya siri. Kinyozi alikuwa mmoja wa hao, akasema akinyoa, ukuta wenyewe ni wa bati, na Mama Bucha akasikia kila neno.

Seremala akaja buchani, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Mama watoto, zile zangu zimekuwa nyingi. Nikiuza leo, mashine ninayo, na chenji inabaki."

"Unamuuzia nani?"

"Sijui. Mtandao haukuonyeshi mtu."

"Lakini ni mtu."

"Ni mtu, ndiyo."

"Mtu anayetoa hela yake leo ili kesho akute nini? Mimi nyama ikiharibika siiuzi. Sisubiri mteja asiyejua kunusa. Naifukia."

"Hii si nyama!" Seremala akapandisha sauti, na kwa kuwa hakuwahi kuipandisha, ilikatika katikati. "Hili bega si lako! Wewe unasema haya kwa kuwa wewe huumwi!"

Wateja wakajifanya wanatazama ndoano. Mama Bucha akaweka kisu chini.

"Ni kweli," akasema. "Bega si langu. Na simu ni yako, sikunyang'anyi. Uza ukitaka. Lakini usije ukaniambia ulimuuzia nani, kwa sababu wewe hujui na mimi nitakuwa namtafuta katika kila sura inayoingia hapa."

Seremala akaondoka bila kuaga. Siku kadhaa walikula meza moja wakiongea na sahani. Hakumwambia kama ameuza, naye hakumuuliza.

Sarafu ilianguka asubuhi ya kawaida kabisa, watu wakinunua mkate. Fundi Simu ndiye aliyekuja mbio.

"Pochi tatu kubwa zimemwaga zote. Kwa mpigo."

Pale penye ngazi ya kijani kulikuwa na ukuta mwekundu ulioshuka kutoka juu mpaka sakafuni. Sufuri zilizokuwa nne baada ya nukta zilikuwa zimeongezeka mpaka zikafukuza namba nje ya kioo cha simu. Mauzo ya siku ile yalikuwa makubwa kuliko siku nyingine yoyote, Fundi Simu alieleza, maana ndiyo siku wakubwa walipouza. Kilichoshangaza ni wamiliki: hawakupungua. Wote elfu ishirini na ushee walikuwa bado wanazo. Hawakuwa na wa kumuuzia.

Mtaa ulifungua simu, ukafunga, ukafungua tena. Kisha ukaja buchani.

Walikuja Kinyozi na kitambaa cha kunyolea begani, muuza viatu, mama wa vyombo, na wengine wengi, baadhi wamevaa zile fulana. Foleni ya nyama ikatawanyika. Kinyozi akapiga kioo kwa kiganja.

"Tunataka hela zetu!"

Fundi Simu akamshika dada yake mkono. "Funga mlango, dada. Pita nyuma."

"Mlango huu sijawahi kuufunga mchana," akasema Mama Bucha, akatoka nje. Akasimama kwenye ngazi, mikono ina damu ya ng'ombe mpaka viwikoni, na watu wa mbele wakarudi hatua.

"Semeni. Mmoja mmoja, si kama kuku."

"Uso wako ndio uliotuingiza!" Kinyozi akasema.

"Nani kati yenu alikuja kuniuliza kabla ya kununua? Ainue mkono."

Hakuna mkono.

"Nilipanda kwenye jukwaa lao nikawaambia msinunue. Mlinipigia makofi. Nani alinipigia makofi? Nilikuona wewe, jirani, safu ya mbele."

Mama wa vyombo akasogea. Alikuwa amelia. "Shoga yangu, mimi ulinikuta nimeshanunua. Mwanzoni ulikuwa unacheka na sisi. Mbona hukusema mapema?"

Hilo lilimgusa Mama Bucha, ilionekana. Akashusha pumzi. "Mwanzoni nilidhani ni utani, kweli. Hilo nakupa. Lakini la wizi silibebi. Aliyekula chenu si mimi."

"Una pochi ya siri!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mumeo alikuwa nazo, tunajua! Mliuza mapema!"

Umati ukanguruma. Ndipo Seremala akajipenyeza kutoka upande wa karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi, ameinua simu kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haufiki.

"Zangu hizi hapa," akasema. "Someni wenyewe. Hakuna iliyotoka. Zilipopanda nilitaka kuuza, mke wangu akaniuliza namuuzia nani. Nilimkasirikia. Nikakaa nikawaza kwamba mnunuzi anaweza kuwa wewe." Akamwelekezea Kinyozi kidevu. "Si ulikuwa unaongeza kila siku? Ningekuuzia wewe. Sasa nimepoteza kama ulivyopoteza, lakini nakutazama usoni."

Kinyozi akakishusha kile kitambaa begani, akaanza kukikunja.

Mama Bucha alimwangalia mumewe, kisha akafungua kamba za aproni, akanawa mikono kwenye ndoo, akamwambia mdogo wake abaki dukani. "Ofisi yao iko wapi?"

Kinyozi ndiye aliyejua. Wakaenda, jua limesimama utosini, yeye na Seremala mbele, msururu nyuma, na wapita njia wakawapisha wakidhani ni msiba au harusi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Walimkuta Msemaji anafungasha: taa, maboksi ya fulana, kile kioo kikubwa kimefungwa kwenye blanketi.

"Mama," akasema, na safari hii hakuongeza yetu. "Soko ndilo lililoamua."

"Usilisingizie soko. Mimi nimezaliwa sokoni. Sokoni muuzaji anakaa na bidhaa yake mpaka jioni. Wenye hii wako wapi?"

"Siwajui." Akawatazama watu waliojaza ngazi, akaketi juu ya boksi. "Wallahi siwajui. Nilikuwa napewa maelekezo kwa simu. Hata mimi mshahara wangu walinilipa kwa sarafu hizi hizi. Tazameni." Akawaonyesha pochi yake. Ilikuwa imejaa sufuri kama za Kinyozi.

Wapo waliotaka kumpiga. Mama Bucha akasimama kati yao. "Akipigwa huyu, wale kumi watafurahi popote walipo. Atakwenda polisi na miguu yake, ataeleza anachojua. Lakini kwanza, kijana, toa uso wangu."

"Ukitoka haurudishi hasara, mama."

"Sijakuuliza hasara. Nimesema toa."

Msemaji akachukua kompyuta, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mama Bucha akasimama nyuma ya bega lake kama alivyosimama maisha yake yote mbele ya mzani, hajapepesa. Watu wakafungua ukurasa kwenye simu zao. Jina lilikuwepo, sufuri zilikuwepo, wamiliki walikuwepo. Ndani ya kile kifungo palikuwa pamebaki rangi ya kijivu tupu.

Mtu mmoja kule nyuma akavua fulana, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

Hela hazikurudi. Polisi waliandika maelezo, wakamwita Mama Bucha kila walipohitaji, na kila alipoitwa alikwenda, hakuchoka wala hakutuma mtu. Kinyozi alikaa muda mrefu anapita dirisha lile ameinamisha kichwa, mpaka Mama Bucha alipomwita mbele za watu: "Jirani, ukiendelea kutazama chini utanyoa viatu." Wakacheka wote wawili, cheko fupi, lakini lilitosha. Seremala bado anaranda kwa mkono. Mama Bucha hufunga bucha mapema siku za mbao ngumu, huenda kushika upande wa pili wa randa na kuvuta naye.

Juzi walikuja vijana wengine wawili, wamevaa vizuri, wana mkataba safari hii na kiasi kilichoandikwa kwa maneno na kwa tarakimu. Walikuwa wameiona ile kanda ya ukumbini. Walitaka uso wa hasira. Mama Bucha hakusimamisha kisu. Aliwaambia watu wako kwenye foleni, wajipange. Wakajipanga, wakasogea taratibu pamoja na akina mama na vikapu vyao, hadi wakafika dirishani.

"Kilo ngapi?" akawauliza.

"Mama, sisi hatujaja kununua nyama."

"Basi mpisheni anayenunua."

Bibi aliyekuwa nyuma yao akawasukuma kwa kikapu, akaagiza mbavu.